Jino Lililobaki Kwenye Firigisi

Mwanangu, bado naikumbuka ile alasiri ya mwaka wa Uhuru nilipojifanya shujaa kwenye mapigano ya mafahali kule Khayega. Kazi yangu ilikuwa kumpigia baragumu fahali wa baba yangu, apandwe na hasira. Akapandwa nazo kweli, ila akanigeukia mimi. Alirusha kichwa, baragumu likanigonga meno mawili ya mbele.

Yalilegea, kisha yakashika tena, nami nikayasahau. Miezi ilipopita, moja likaanza kugeuka rangi ya waridi. Daktari wa meno mjini alipiga picha, akanionyesha kwamba mizizi ya yote mawili ilikuwa inaliwa na mwili wangu mwenyewe, kimyakimya. Akayatoboa kwa nyuma, akasafisha ndani, akatia dawa nyeupe kama chokaa. Aliniagiza nirudi kila miezi mitatu aibadilishe, mwaka mzima. Sikurudi. Meno hayaumi, niende kutafuta nini?

Wakati huo nilimpenda Rosa hata chakula hakipiti. Siku ya kujitambulisha kwao, kuku alichinjwa, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye mji, akapewa baba yake, Mzee Shivachi. Kwa kuniheshimu, akanikatia nusu. Niliing'ata kwa furaha. Nilipoitoa mdomoni, lile jino la waridi lilikuwa limesimama juu yake kama kigingi. Shangazi yake Rosa alitoka nje kucheka, na sote tulimsikia.

Mzee hakucheka. Aliniuliza, nikaeleza yote.

“Kijana,” akasema, “jino yako mwenyewe imekushinda kutunza mwaka moja. Huyu msichana wangu utamtunza miaka ngapi?”

Niliona aibu, mwanangu, nikatamani fahali aje animalizie. Mzee akakataa kupanga siku ya mahari mpaka nimletee kadi ya kliniki yenye mihuri yote. Basi nikarudi kuliokoa jino la pili, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Kila muhuri aliukagua kwa miwani. Ulipogongwa wa mwisho, akaniita mkwe.

Jino lenyewe ni hili hapa. La kando yake ni la bandia, na Rosa hunikumbusha kila tukichinja kuku.

Kwa hiyo ukigongwa jino, nenda likaangaliwe hata kama haliumi, na tiba ukiianza, usiiache njiani. Mungu akujalie meno ya kuchekea uzeeni, na baba mkwe atakayeomba kuiona kadi yako.