Siku Nilichezea Hoki Nyuma ya Mulango

Nilipata haya, nakubali, mutaa yetu ya Dilala muzima inajua, lakini mi niko na kasirani kupita hata haya, basi munisikilize mbele ya kucheka.

Ile siku Trésor na bazazi yake balikuya kwetu na bia ya kuomba binti. Munajua namna inakuwaka: binti anafungiwa mu chambre ya kulala mpaka bamwite, na mu salon, kwenye bageni banaikala, tonton yangu (mukubwa ya papa, mutu anapenda kusema kama kuko batu ya kumuangalia) anamusifu. Alisifu, alisifu, mi nikachoka kungoja, nikawasha ile konsoli ya zamani ya michezo ya televizio yenye Trésor mwenyewe alinipatia, na kaseti yake moja tu, hoki ya bazungu juu ya barafu, kwenye bachezaji banaacha kile kidude cheusi banapigana ngumi. (Barafu mi naijua mu frigo tu, lakini ku ile muchezo hakuna mutu ananishinda, njo Trésor alinipendea, alikuwaka anakuya kila dimanche, kisha misa, kushindwa.) Nilizima sauti ya televizio, mi na akili yangu. Mudomo sikuizima.

Muloko yangu Mado, mwenye alizaliwa nyuma yangu na tulifungiwa naye, akanifunga bao. Akanifunga tena, akacheka. Nyuma ya mulango ya triplex, mbao nyembamba yenye inapitisha sauti, tonton eko anasema eti huyu binti hajue hata kubisha, na mi niko napiga kelele: “Mupige! Muvunje meno, imbwa huyu!”

Papa ya Trésor akauliza ni nani. Tonton akasema ni jirani. Muzee hakuamini, akageukia mutoto yake, akamuuliza kama anajua hii tabia ya mwanamuke anataka kuoa. Na Trésor, ule mwenye alikuwaka anaruka ku kiti na kelele kupita yangu, akajibu kwa sauti ndogo:

“Hapana, papa. Mi namujua ni mutu ya kimya. Kama njo yeye, basi alinidanganya.”

Masikio yangu yote ilishika moto. Bakaniita. Nikatoka, nikapiga magoti vile inafaa, na tonton, jasho inamutoka, akaniuliza kile banaulizaka babinti bote: “Unamujua huyu kijana? Tupokee bia yake?”

Nikamuangalia Trésor mu macho.

“Simujue,” nikasema. “Barudishe bia.”

Balibeba makasiya yabo ya bia mpaka ku barabara, batu ya avenue yote banaangalia, mama analia mu kichini kati ya masufuria. Tonton mpaka leo hanisalimie. Bon. Lakini kukaa tena nyuma ya mulango juu batu basifu mutu mwenye si mi, hapana, hata bakuye na ngombe.