Miaka Mitatu ya Kaburi la Mwakio

Mdogo wangu Mwakio alikuwa amekufa miaka mitatu nilipopigiwa simu kwamba anahamishwa. Simu ilitoka Ugiriki, katika mji mmoja wa pembeni mwa Athens wenye manispaa yake, ambako alianguka kutoka kwenye jukwaa la wapaka rangi na kuzikwa hukohuko. Aliyepiga ni bibi aliyekuwa amempangisha chumba, Kiria Anthi. Kiria kwao ni kama kusema Bi. Alinieleza polepole. Kule kaburi ni la kupanga. Miaka mitatu ikiisha maiti hufukuliwa, mifupa ikaoshwa na kutiwa sandukuni. Asiye na mtu wa kumsimamia, mifupa yake humwagwa kwenye shimo moja na ya wengine, na hapo hakuna tena wa kusema huyu ni fulani.

"Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao," alisema. "Njoo, au tuma mtu."

Sikuwa na mtu wa kutuma. Nikampigia mama, nyumbani Taita, Kenya. Akasema jambo ambalo mchungaji wake asingependa kulisikia. Zamani, kabla ya kanisa, wazee wetu nao walifukua. Walingoja mwili uishe, wakakitoa kichwa, wakakiweka kwenye pango la ukoo pamoja na wenzake.

"Kwa hiyo hao si wajinga," mama alisema. "Niletee kichwa. Na kabla hujakubali lolote, tazama mkono wa kushoto. Usije ukaniletea mtu wa watu."

Marshalltown, Johannesburg, Jumatatu asubuhi. Huo ulikuwa mwaka 2013, na nilikuwa na mwaka wa tisa nikiuza mabegi kando ya barabara. Viza ilikuwa imenipeleka Pretoria mara nne, kila mara karatasi moja ikipungua. Meza nilimwachia jirani yangu Mama Espe, Mrundi anayeuza soksi na chaja za simu. Tulihesabu mabegi: sitini na mawili. Tukahesabu tena: sitini na moja. Mara ya tatu akakataa.

"Eish, dada Mghoi. Unakwenda kwenye msiba au unafunga hesabu za stoo?"

"Nakwenda kufukua."

Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akalitazama begi jeusi nililokuwa nimelitenga. "Ndilo la kumbebea hilo?"

Nikalitia begani. Nilikuwa nimelichagua kwa sababu zipu zake ni imara.

Athens, Jumanne mchana. Baada ya ndege mbili na treni moja nilipanda basi. Abiria aliniambia vituo ni kumi na tisa. Nilihesabu ishirini na kimoja. Ukitaka kuuelewa mji ule, shuka kituo cha mwisho kisha geuka utazame ulikotoka. Mji umelala kwenye mteremko. Nyuma yake kuna mlima, na ubavu mmoja wa mlima haupo: umekatwa na machimbo ya mawe hadi umebaki ukuta mweupe. Sisi Johannesburg tumerundika milima ya mchanga wa machimbo ya dhahabu. Wao wameula mlima waliokuwa nao, na nyumba zote zilizo chini ndizo tumbo lake.

Kiria Anthi alikuwa amenielekeza kwa simu: "Ukifika kwenye robot, pinda kushoto." Nilisimama pale barabarani nikicheka peke yangu. Robot ni taa za barabarani, lakini ni za Johannesburg. Nje ya kusini mwa Afrika sijasikia zikiitwa hivyo. Nilipomkuta mlangoni, bibi mfupi aliyevaa nyeusi tupu, nikamuuliza hilo neno kalitoa wapi.

"Randburg," akasema. "Miaka ishirini. Mimi na mume wangu tulikuwa na duka la pembeni, maziwa, magazeti, sigara. Kaka yako aliposema dada yake yuko Johannesburg, nikampa chumba. Sikumuuliza karatasi."

Jioni ile alinitembeza kabla jua halijazama. Mtaa mkubwa wa chini, alisema, zamani ulikuwa kijito. Manispaa ikakifunika kwa zege, ikaweka lami, na kila mvua kubwa inaponyesha maji hurudi kuidai njia yake kupitia mifereji. Pande zote mbili yalikuwa mashamba ya mizabibu. Wazazi wake walifika wakiwa wakimbizi kutoka ng'ambo ya bahari, na cherehani moja. Kila familia ilipewa vyumba viwili vya matofali ya udongo. Baadaye wakaja makandarasi: unampa kiwanja, anajenga ghorofa tano, anakuachia nyumba mbili ndani yake, zilizobaki anauza. Hivyo ndivyo vibanda vilivyogeuka majengo, na hakuna aliyekumbuka kuacha nafasi ya kuegesha gari wala ya mtoto kucheza.

"Na zile nondo?" nikauliza. Juu ya mapaa mengi nondo zilikuwa zimesimama zikishika kutu.

"Ghorofa ya mtoto. Kila mzazi aliziacha hivyo, mtoto akioa aendeleze."

"Na watoto?"

"Ujerumani."

Kutoka kituo cha basi hadi kwake nilihesabu maduka thelathini na manane, kumi na saba yamefungwa. Wakati wa kurudi nilihesabu tena. Yaliyofungwa yalikuwa kumi na manane.

Jumatano, ofisi ya manispaa. Karani alifungua daftari, akasoma, akanitazama.

"Joseph. Wewe ni nani wake?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mwakio alifika kule kwa meli, akaitoroka, na karatasi alizotumia kuombea vibarua zilikuwa za mtu mwingine. Alizikwa kwa jina hilo. Nikatoa pasipoti yangu, nikatoa picha yetu tukiwa wadogo. Karani aliitazama picha kwa heshima, akanirudishia.

"Kwa karatasi, mama, wewe si ndugu. Mifupa haitoki nchini."

"Basi mwongezeeni mwaka mmoja pale pale, nitafute vyeti."

"Makaburi yamejaa."

"Miezi sita."

Akanionyesha ramani ukutani. Makaburi yalipopimwa yalikuwa nje ya mji, katikati ya mizabibu. Mji ukayafikia, ukayazunguka pande zote nne. "Niongezee wapi?" akauliza. "Hewani?"

Mimi ni mfanyabiashara wa barabarani. Mtu akisema haiwezekani, kwa kawaida ana maana bei bado. Huyu alimaanisha haiwezekani. Alichosema kingine ni kwamba Kiria Anthi, aliyelikodi kaburi, ndiye pekee anayeweza kusaini mifupa iwekwe sandukuni palepale makaburini. Asiposaini mtu hadi Ijumaa, ni shimo.

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Makaburi yametazamana na ghorofa. Kwenye vibaraza watu walikuwa wameanika mashuka. Mchimbaji, Stelios, mwanamume mnene wa makamo, alizungumza huku Kiria Anthi akinitafsiria.

"Anasema chini kule karibu na kijito udongo ni mfinyanzi, watu hawaozi. Unafungua baada ya miaka mitatu unamkuta mzima, inabidi umrudishe. Wako yuko juu, kwenye changarawe. Ana bahati."

Nikasema asante.

Alichimba kwa koleo, kisha kwa mikono. Alitoa kichwa kwanza, akakiweka kwenye shuka jeupe, akakigeuza uso uelekee mlimani. Kisha mifupa mirefu, kisha midogomidogo, mmoja mmoja, bila haraka. Aliiosha kwa divai nyekundu. Nilihesabu kwa sababu sikujua la kufanya na macho yangu. Nilipomaliza nikahesabu tena, na nilipofika mkono wa kushoto nikaacha.

Ulikuwa umepinda chini ya kiwiko.

Mwakio alivunjika akiwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Mama alinituma naye kwa mzee aliyekuwa akiunga mifupa, nikiwa na kuku wawili wa kumlipa. Nilibishana na yule mzee mpaka akakubali mmoja. Akaufunga mkono ndani ya dakika chache tu, akatuambia twende. Nilirudi nyumbani na kuku wa pili kwapani, nikasifiwa siku nzima. Mkono haukunyooka tena.

"Ni yeye?" Kiria Anthi akauliza.

"Ni yeye."

Begi jeusi lilikuwa begani kwangu. "Mwambie Stelios," nikasema, "anipe kichwa tu. Vingine vibaki. Hakuna atakayejua."

Stelios aliinua kidevu juu mara moja. Nikadhani amekubali, nikaanza kufungua zipu.

"Hapana hiyo," Kiria Anthi akasema. "Kwetu hiyo ni hapana. Anasema yeye hagawi mtu." Akakaa juu ya jiwe la kaburi la jirani. "Nisikilize. Nina sanduku la familia, yumo mume wangu. Nafasi ipo, alikuwa mwembamba. Nitamweka humo kaka yako, na kila Jumamosi nitakuja kuwawashia taa wote wawili."

"Na wewe unataka nini?" Ndivyo nilivyozoea kuuliza.

"Nina binti Johannesburg. Alikufa akiwa na miaka minne. Kule kaburi ni lako daima, kwa hiyo tulipoondoka tulimwacha. Sijaliona tangu hapo. Wewe mwangalie wangu. Mimi nitamwangalia wako."

Mmoja kwa mmoja. Maishani mwangu hiyo ndiyo bei ya kwanza niliyoikubali bila kurudisha neno. Alisaini. Stelios alipanga mifupa, kichwa kikawa juu. Upande wa nje wa sanduku lazima liandikwe jina la daftari. Kwa ndani ya kifuniko, ambako karani hafiki, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: MWAKIO.

Johannesburg, Jumapili iliyofuata. Nilirudi na begi tupu, na Mama Espe alipolipokea akalipima kwa mkono. Mabegi ya mezani yalikuwa sitini. Nilichojifunza kule ni jinsi mji unavyofanywa: watu hufika na cherehani, huweka nondo kwa ajili ya watoto, na watoto huenda kuzikwa kwenye mteremko wa watu wengine. Johannesburg nayo ndiyo hiyohiyo. Nilikuwa nimeishi ndani yake miaka tisa bila kuona.

Mchana nilikwenda makaburini na karatasi aliyoniandikia Kiria Anthi: safu ya kumi na nne, la saba kutoka njiani. Nilihesabu, nikakuta mzee wa watu. Nikarudia kutoka upande wa pili, nikamkuta mtoto, jiwe dogo limefunikwa na nyasi. Nikampigia mama nikiwa nimepiga magoti.

"Umemleta?"

"Hapana, mama. Yuko kwenye sanduku na mume wa mwenye nyumba. Kuna mtu wa kumwashia taa."

"Na mkono?"

"Umepinda."

Nilisikia anavuta pumzi. "Yule kuku uliyerudi naye," mama akasema, "hata hakutaga." Kisha akakata simu.

Nilikuwa nimebeba maji kwenye chupa mbili. Nikang'oa nyasi, nikaliosha lile jiwe. Halafu nikaliosha tena.