Maporomoko Niliyoyasikia Tu

Nimeishi Kibugu, karibu na ukingo wa msitu, tangu nilipoolewa, na kwa miaka mingi nimewadanganya wajukuu wangu jambo moja. Nimewaambia nayajua maporomoko yaliyo huko juu msituni. Nimewaambia yanaanguka kutoka urefu wa makanisa matatu yaliyobebana, na yanatoa mvuke kama sufuria ya githeri. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kuyaona. Nilikuwa nimeyasikia tu.

Uongo huo haukunisumbua mpaka Jumapili moja baada ya kanisa, mjukuu wangu wa kwanza, yule mwalimu wa Manyatta, alipokuja na daftari. Alikaa jikoni mwangu, akasukuma nduma kando, akasema yeye na walimu wenzake wanne wanataka kwenda kuyaona Jumamosi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ruhusa ya ofisi ya msitu ameshaomba. Mtu wa kuwaongoza ameshaandika. Akanionyesha: ni mimi.

Nilikuwa nimechoka. Nimechuma chai tangu nikiwa na meno yote, na siku hizi magoti yangu yanalalamika kabla sijainuka. Lakini msichana huyo nimemlea mimi, na alikuwa amejisifu mbele ya walimu kwamba nyanya yake anaujua msitu kama boma lake. Ningesemaje? Nikammiminia chai.

Akauliza ni kilomita ngapi. Nikamwambia ni mapumziko matatu. Kalamu ikabaki hewani.

"Cucu, pumziko moja ni dakika ngapi?"

"Inategemea mzigo."

"Hatubebi mzigo."

"Basi sijui."

Hapo sikudanganya. Wanawake wa rika langu tulikuwa tunapanda kwa mgongo wa kilima, kila mmoja akitafuta kuni kavu upande wake, kisha tunakutana juu na kushuka pamoja kwa njia ya mto. Kuni zinakaa mgongoni, zimeshikwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Ukivaa mukwa shingo haiinuki. Unaona visigino vya mwenzako, mizizi, matope, na yale mawe matatu ya kupumzikia, marefu kiasi cha kiuno. Unaegemeza mzigo hapo bila kuutua chini, maana ukiutua chini, nani atakuinua? Kwenye jiwe la juu kabisa maji yalikuwa yananguruma upande mmoja. Miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyevua mukwa akaenda kuangalia. Kuangalia maji yakianguka ni kazi ya nani, na nyumbani watoto wanalia njaa na hakuna moto?

Mjukuu aliendelea kupanga. Alisema kuondoka ni saa tatu. Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu ukungu unashuka ikifika mchana na mvua inakuja nyuma yake. Viatu vyeupe nilikataa. Manukato nilikataa. Mkate nilimwambia wauache, ukilowa unakuwa uji. Wabebe nduma na viazi vitamu. Yote aliandika. Kisha akauliza kama kando ya maji kuna mahali pazuri pa kukaa wale chakula. Nikasema papo, tena pana nyasi. Akaandika na nyasi.

Nyasi hizo ndizo zilizoniharibia wiki. Jumatano, siku ambayo shamba langu halikuwa na zamu ya kuchumwa, nilienda kuijaribu njia peke yangu. Kwenye lango la ua wa umeme, askari wa msitu, ambaye ananijua tangu hajaota ndevu, alitazama mikono yangu mitupu.

"Mama, leo huna kamba wala panga. Unaenda kufanya nini?"

"Kuangalia maji."

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Akanikubalia kufika jiwe la chini tu, nisipite hapo, kwa sababu ndovu walikuwa karibu.

Hata jiwe hilo nusura nilikose. Nilitembea nimeinua kichwa, na msitu wote ukawa mgeni kwangu. Miti ilikuwa mirefu ajabu. Njia ilipogawanyika nilisimama kama ng'ombe aliyenunuliwa jana. Mwishowe niliinama, nikashika paji la uso kana kwamba kuna mukwa, nikatazama chini. Hapo mizizi ikanitambua. Nikaifuata hivyo hivyo, nimepinda mgongo bila hata ukuni mmoja, mpaka jiweni. Nikaketi, nikajionea haya.

Jioni nilimpigia simu.

"Futa nyasi," nikamwambia. "Sijui kama ziko. Hayo maji sijawahi kuyaona."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa, nikadhani ni mimi ninayefutwa.

"Sasa Cucu, nani atatuongoza?"

"Mimi. Mpaka jiwe la tatu. Kutoka hapo sote ni wageni."

Jumamosi askari alisema ndovu wamehama, akatufungulia lango, nikawatangulia nikiwa nimeinama. Wale walimu walidhani ni uzee, wakawa wananionea huruma, mmoja akataka kunishika mkono kwenye kila mzizi. Mjukuu wangu alijua, akafunga mdomo. Tulipumzika kwenye jiwe la kwanza, tukapumzika kwenye la pili, na kwenye la tatu nilitamani kubaki hapo mpaka Krismasi. Magoti yalikuwa yamekwisha. Maji yalikuwa yananguruma upande mmoja, kama zamani. Mjukuu alinipitisha mkono kiunoni, tukaingia kwenye mimea ya viwavi inayowasha na majani yaliyolowa. Hazikufika hatua mia mbili. Mia mbili tu, na nimewahi kuegemea jiwe lile nikiwa na mimba, nikiwa na homa, nikiwa na hasira za kila aina.

Ni madogo. Ni urefu wa kanisa moja, tena lile letu la mabati. Nyasi hakuna, ni mawe yanayoteleza. Mjukuu aliyatazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Mimi sikucheka, sikuwa na nguvu ya kucheka. Niliketi kwenye jiwe lililolowa, nikatazama yanapoanzia, kule juu, mpaka shingo ikaanza kuniuma.

Nikamwambia anipe nduma mkononi, nitakula hivyo hivyo, nimeinua kichwa.