Mtu wa Kutuma Ng'ambo ya Namanga

Nakumbuka asubuhi ndama wetu walipolia hadi sauti zikawakauka. Mama zao walikuwa wameshikwa upande wa Tanzania. Kiangazi kilikuwa kibaya, wachungaji wetu wakawavusha karibu na Namanga kutafuta majani, na kijiji kimoja cha huko kikawafungia. Watoto wangu walilala kwa uji usio na maziwa.

Mwanangu, juzi ulipokuja Kitengela kunipa pole ya kufiwa na mume wangu, uliniambia kwamba ofisini kwenu Nairobi umewekwa kwenye kamati ya kupendekeza majina ya mabalozi, na ya washauri wa kuiambia serikali ikae vipi na majirani. Ukaniuliza mimi mama yako mdogo ningechagua nani. Niliishia darasa la saba, mambo ya ubalozi siyajui. Ninachojua ni jinsi baba mkwe wangu alivyochagua mtu wa kutuma.

Kwanza alimtuma Lekishon, binamu ya mume wangu. Kila mtu alimtaka. Alikuwa na sauti, na mkutanoni hakuna aliyemshinda kwa maneno. Alifika kule, akasalimia harakaharaka, akasema, "Tumekuja kuchukua ng'ombe wetu. Tupeni twende."

Sisi huku hatuoni ubaya hapo. Ndivyo tunavyoagiza hata chai hotelini. Lakini mzee wa kijiji kile alimtazama, akamwambia, "Ndugu yangu, huku hatuambiani nipe. Huku tunaombana. Nenda kwanza nyumbani ukapumzike."

Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Lekishon mwenyewe alirudi akatuambia wale watu ni wezi na wanatudharau. Vijana wakaanza kunoa simi.

Baba mkwe akaita mkutano kando ya zizi tupu. Wote walisema jambo moja, twende tukawatoe kwa nguvu, mpaka mume wangu Parmet akasimama. Parmet alikuwa mtu ambaye ukimkalisha na wageni utadhani hana ulimi.

"Nimeongea na wachungaji," akasema. "Ng'ombe wetu waliingia shambani, wakamaliza mahindi ya watu. Hawakuibwa."

"Wee, uko upande gani?" Lekishon akamrukia. "Ama kuoa Mkamba kumekufanya usahau ng'ombe?"

Watu wakacheka. Mimi Mkamba mwenyewe nilikuwa pale na birika la chai, nikacheka pia, ningefanya nini?

"Niko upande wa hao ndama," Parmet akajibu. "Ama huwasikii?"

Baba mkwe hakucheka. "Kesho anaenda Parmet."

"Baba, huyo atatuuza!" Lekishon akapinga.

"Huyo ameniambia neno nisilolitaka, ndani ya boma langu, mbele ya watu. Akiambiwa neno nisilolitaka kule, ataniletea likiwa zima. Wewe uliniletea hasira yako tu. Maneno yao uliyaacha njiani."

Parmet alienda ameshika majani mkononi, kama Wamaasai wanavyofanya wakitafuta amani. Aliwaacha wenyeji wamalize habari zao zote, za mvua, za wagonjwa, za mahindi yao. Akawapa pole ya shamba. Ndipo akasema, "Naomba."

Jioni ng'ombe waliingia, na hakuna aliyehitaji kuwaonyesha ndama njia. Mmoja alibaki kule kwa mwenye mahindi kuwa fidia, mtamba wetu wenyewe, niliyemlea kwa mkono. Nilimnunia Parmet siku nyingi. Wengine walimwita mwoga kwa miaka. Na juzi tukimzika, hakuna aliyelitaja jambo hilo. Simi zilirudi alani bila damu, na kwa vita ambavyo havikutokea hakuna anayeshukuru.

Basi jibu langu ni hili. Msimchague mtu kwa sababu sisi tunafurahi akiongea, maana hamumtumi kwetu. Mchagueni anayejua wale wa huko wanaombwaje na wanaumizwa na nini. Mshauri naye, ulizeni kama amewahi kumwambia mkubwa wake kwamba amekosea. Na likiletwa jina la mtu ambaye sifa yake ni kuwa shemeji wa fulani, au kuwa ameanguka kura na anahitaji mahali pa kukaa, sema palepale kwamba hafai. Usingoje kuniambia mimi jikoni. Watakucheka, na pengine hutaitwa tena kwenye kamati. Sema hata hivyo, maana wakivurugana na jirani, watakaokosa maziwa ni watoto wa mpakani.

Enkai, kama mume wangu alivyomwita Mungu, akuwekee ujasiri kifuani na upole mdomoni. Akukalishe vyema kati ya wakubwa, na akurudishe nyumbani ukiwa bado mtu wa kweli. Amina, mwanangu.