Yai la Kisiwani

Mpaka leo sivumilii harufu ya yai la kuchemsha. Mke wangu analijua hilo. Watoto wakitaka mayai, anangoja nitoke kwanza. Yai likimenywa lingali la moto, harufu yake hunitoa hapa Mpanda na kunirudisha kwetu, nje kidogo ya Usevya, kwenye chemchemi ya maji moto.

Sisi tulipaita kisiwani. Kilikuwa kilima kidogo cha mawe meupe, kimezungukwa na tope na maji yanayofuka mvuke, na baba ndiye aliyejua pa kukanyaga. Walimu, wanafunzi, watalii waliochoka kutazama viboko mbugani, wote aliwatembeza yeye. Matembezi yenyewe yalikuwa mafupi. Chai uliyoiacha nyumbani ungeikuta haijapoa. Juu kabisa alichuchumaa kando ya shimo linalotokota, akawaambia, "Nyie mnapika kwa kuni. Sisi huku tunapikiwa na ardhi." Kisha alifunga yai kwenye kitambaa, akalishusha kwa kamba, na hadithi zake zilipokwisha, yai lilikuwa limeiva. Wageni walipiga makofi. Mimi na mdogo wangu Sesilia tuliwashinda kwa makofi, maana huyo alikuwa baba yetu.

Asubuhi moja, baba akiwa shambani, Sesilia alichukua yai na kipande cha kanga ya mama, akaenda kisiwani peke yake. Kamba aliisahau uani. Aliinama alishushe yai kwa mkono, ukingo ukameguka.

Msibani watu walinong'ona, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nilitamani kuwafukuza wote. Sesilia alikuwa amemsikia mkuu, tena vizuri mno.

Nilidhani baba angeacha. Wapi! Matanga hayajapoa, akawapandisha wageni tena, yai mkononi. Mama akafunga virago, akarudi kwao Kasansa. Mimi nilibaki namtazama baba akisimama mbele ya lile shimo, mikono ameitandaza kama mhubiri, akiwachekesha watu. Nilimchukia.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu akamsalimie babu yake. Akaomba kuonyeshwa kisiwa, na mzee akatutangulia kwa mkongojo. Mtoto alipotaka kukimbilia shimo, baba alishafika, mgongo kwenye mvuke, mikono imetanda, mkongojo chini.

"Mjukuu wangu, simama hapo hapo!"

Zamani alikuwa akichuchumaa kando, shimo likabaki wazi. Baada ya Sesilia hakuchuchumaa tena. Miaka yote ile nilidhani anahubiri, kumbe anawazibia njia. Na mwaka ule wa msiba mahindi yalikuwa yamekauka. Ni lile yai, kwa pesa za wageni, lililonilisha.

Jioni alituchinjia jogoo. Binti yangu alikula mpaka usingizi ukamchukua pale pale mkekani. Baba akanisogezea paja la jogoo, akangoja. Nilikuwa nimemwelewa, hatimaye, na bado nikamwambia nimeshiba.