Kipini cha Zena na Kisima cha Olumbi

Nakumbuka siku moja nilijitapa sokoni Palma, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, kwamba mimi, kwa niliyokwisha kuyaona, hakuna tena jambo la kunishangaza duniani. Usinicheke, mwanangu. Wakati huo wazungu wa gesi walikuwa wameshafika, helikopta zinapita juu ya ghuba ya Tungue kutwa kwenda kwenye meli zao, na mtu aliyeuza dagaa jana leo anapangisha vyumba. Na mimi, niliyeishia darasa la nne, nilikuwa na kiwanja cha kufyatulia matofali ya saruji, vibarua sita na pikipiki mpya. Nyumba nyingi unazoziona ukiingia Palma zimesimama kwa jasho langu. Kama unabisha, matofali yenyewe yapo, nenda kayagonge.

Basi kila mtu ana mchezo wake. Jumapili wenzangu walikwenda mpirani, mimi nilikwenda mtoni kutafuta dhahabu. Alinifundisha kibarua wangu mmoja aliyetoka machimbo ya Montepuez. Unachukua karai, lile lile la kubebea zege, unalisugua mpaka liwe safi. Unatia mchanga wa mto na maji, unalizungusha huku ukiliinamisha kidogo kidogo. Mchanga mwepesi unatoka na maji, mzito unabaki chini, mweusi, na ndani ya ule mweusi, Mungu akipenda, punje ya njano ndogo kuliko chawa. Sikutafuta utajiri, utajiri nilikuwa naufyatua. Lakini raha ya punje ile, mwanangu, tofali halikupi. Nilizitia kwenye kichupa cha dawa ya macho, na kila mteja wa matofali ilimbidi kwanza akitazame kichupa.

Mwaka huo nilikuwa nimemchumbia Zena wa kijiji cha Olumbi, aliyelelewa na bibi yake, Bi Atija. Bibi yule alinipenda. Kwa utani wao wa mabibi aliniita "mume wangu", akaniuliza lini nitamwacha huyo mtoto nimchukue yeye. Nami siku ya posa nikasimama mbele ya wazee nikasema wengine hununua kipini dukani, lakini Zena atavaa kipini cha dhahabu niliyoitoa mchangani kwa mikono hii. Wanawake wakapiga vigelegele. Ilibaki miezi miwili, na kichupa hakijafika hata nusu ya anachotaka sonara.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, jua linachoma, nikafuata kijito kimoja nyuma ya Olumbi ambacho sikuwa nimewahi kukifikia. Kilikuwa kimekauka, mchanga mtupu. Kwenye kona, pale maji ya masika yanapogeuka na kuacha vitu vizito, nikaona shimo limezungushiwa fito na matawi ya miiba. Nikacheka peke yangu. Miezi ile watu walikuwa wanazungushia kila kitu. Mtu anachomeka fito porini, anapanda miche mitatu ya mikorosho, anangojea watu wa kampuni waje kupima wamlipe fidia. Nikasema, huyu naye anataka fidia ya shimo. Nikang'oa fito, nikaingia.

Chini mlikuwa na mchanga mweusi ambao sijapata kuuona tena, na maji kidogo. Maji nikayatumia kuzungushia karai mpaka yakawa tope, wala sikujiuliza shimo la fidia limepataje maji safi namna ile. Kuta zikawa zinabomoka, mimi naendelea kuchota. Mpaka alasiri nilikuwa na punje kumi na moja. Katika mchezo wangu, hiyo ni siku ya kisultani.

Nikaenda moja kwa moja kwa kina Zena kujisifu. Kichupa kikapita mkono kwa mkono pale uani. Mara Bi Atija akaingia na ndoo mbili tupu, kanga yake imejaa tope. Nikamwamkia, akaitikia, nami bila kungoja apumzike nikampa atazame.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwenye kile kijito, bibi. Kuna mjinga mmoja kazungushia shimo fito, anangojea fidia."

Zena akainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa, na maneno yameshatoka. Kile kilikuwa kisima cha kiangazi. Wanawake hukichimba mchangani kila mwaka kijito kikikauka, wanakiwekea miiba mbuzi wasikichafue, na mtaa mzima unakunywa hapo mpaka mvua. Bi Atija hakupaza sauti. Aliketi, akalichukua karai langu, akalizungusha hewani, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu.

"Kijana," akasema, maana siku ile sikuwa mume wa mtu, "sisi tukiosha mchele tunazungusha hivi hivi. Mawe yanabaki chini, tunayatupa, mchele tunapika. Wewe umemwaga mchele, umetuletea mawe, na unataka tukupigie vigelegele. Harusi itakuwa siku nitakayochota maji."

Nikatoa noti mfukoni. Akaniuliza kama noti zinanyweka.

Mwanamume mwingine angerudi Palma akatafute binti mwingine. Mimi siko hivyo. Kesho yake nilianza kufyatua manilha, zile pete kubwa za zege za kujengea kisima, nane, kila moja na nondo zake. Wiki tatu sikuuza tofali hata moja, na mji mzima unayalilia. Nikakodi lori, nikaleta fundi wa visima. Safari hii niliwauliza wanawake wanakitaka wapi. Bi Atija akaonyesha kwa fimbo, kando ya kijito, na maji yakatoka pale pale. Akachota ndoo ya kwanza, akanywa kata nzima, akajifuta mdomo. "Mume wangu," akasema, "kamba yako fupi." Nikajua nimepata mke.

Kipini kilitoka kidogo kama punje ya mtama, hata sonara alicheka. Zena anakivaa mpaka leo. Na miaka ya baadaye, vita vilipofika huku vikatutawanya, siku tuliyorudi Olumbi tulikuta nyumba hazina mabati wala milango, lakini kisima kilikuwa na maji. Hicho nimekijenga mimi.

Sasa sikia, mwanangu. Uwe na mchezo wako, na ujivunie kazi ya mikono yako. Hiyo si dhambi. Ila ukikuta fito zimechomekwa mahali, simama, ngoja apite mtu, umwulize ni za nani. Zama za tamaa zina ubaya huu, kwamba mtu huona kila uzio ni wa mlafi mwenzake. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia mzima mzima. Mungu akupe riziki ya halali na ulimi mwepesi wa kuuliza, akujaalie mafunzo yako yawe rahisi kuliko yangu, kwa sababu swali moja nisilouliza lilinigharimu meticali elfu ishirini na saba, mia nne na hamsini.