Mkono wa Pili wa Nyevu

Nyevu alizaliwa Jilore, akalima Jilore, na Jilore ndiko alikoacha mkono wake wa kulia. Mvi zilimwahi mapema, na kule kwao mwanamke mwenye mvi na shamba hana usalama. Alizipaka piko ziwe nyeusi, haikumfaa kitu. Dzombo, mtoto wa marehemu kaka yake, alilitaka lile shamba. Alimvamia asubuhi peupe akivuna mahindi, akamwita mchawi, akamshushia panga la kichwa. Nyevu akajikinga. Mkono ukaanguka kati ya matuta, ungali umeshika hindi. Mwanaharamu yule akamkata bega, akamkata mgongo, hadi majirani walipomtimua kwa mawe. Yuko jela, na aozee huko huko.

Miaka mitatu baadaye, kituo cha chuo kikuu huko Kilifi kinachotengeneza viungo vya bandia kiliajiri watu wapya. Wenzake walikuja na shahada. Nyevu alikuja na kigutu. Kazi yake ilikuwa kuijaribu mikono ya bandia kwa kazi za shamba. Alipewa wiki moja ya kupimwa. Akishindwa, arudi Jilore akale kwa huruma za watu.

Siku ya tatu Lewis, fundi kijana aliyeajiriwa pamoja naye, alimfunga mkono mpya, akamsogezea gogo la mnazi uani.

"Leo tunajaribu na hili, mama," akasema, akatoa panga.

Maskini Lewis, hakuna aliyemwambia kilichoukata mkono ule. Nyevu alilikodolea macho lile panga, jasho likamtoka.

"Vipi, mama? Nimwite mwingine?"

"Mwingine nani? Lete hapa, mwanangu!"

Vidole vya plastiki vikalifumbata panga. Nyevu akapiga.

"La mkono hili, Dzombo! Hili la bega! Hili la mgongo!"

Vibanzi viliruka, Lewis akarudi nyuma hadi ukutani, watu wakatoka maofisini. Nyevu hakumwona mtu. Alikatakata, akilia na kutukana, mpaka kifundo kikalia kwaa! Mkono ukaanguka mchangani.

"Nimeuvunja," akasema, akihema. "Basi, nifukuzeni."

"Nani akufukuze?" Lewis akasogea kutoka ukutani. "Tunataka mikono hii ivunjike hapa, mama, isije ikamvunjikia mtu shambani. Kesho nakufunga mwingine."

Akainama aubandue ule mkono kwenye panga. Vidole vilikataa kuachia.

"Uache hivyo hivyo," Nyevu akamwambia. "Ule wa kwanza ulianguka na hindi."